Nimeitwa kwenye usaili wa simu: ninunue majibu?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 26, nina diploma ya ununuzi na ugavi, na kwa miaka miwili sasa ni mtunza stoo ya vipuri hapa Kahama. Niliomba kazi kama hiyo kwenye kampuni moja ya Dar es Salaam, na juzi nimepata ujumbe kwamba Alhamisi saa 10:00 watanipigia kwa usaili wa awali. Nimeshaomba ruhusa ya kutoka kazini saa tisa alasiri. Kuna kaka kwenye kundi letu la WhatsApp anauza PDF ya maswali 50 na majibu yake kwa shilingi 5,000. Anasema usaili wa simu ni rahisi, hawakuoni, unasoma tu. Ninunue? Na niongee Kiingereza au Kiswahili? Huku kwetu mtandao nao unasumbua.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na saa, maana hiyo inaweza kukukosesha kazi kabla hujafungua mdomo. Ujumbe wa ofisini ukiandikwa "10:00" kwa tarakimu, mara nyingi ni saa nne asubuhi. Saa kumi jioni wangeandika 16:00. Wajibu leo hii: "Nimepokea, nathibitisha Alhamisi saa nne kamili asubuhi," usikie watasemaje. Nimeshawapigia watu wa kutosha saa nne, wakapokea wakiwa juu ya bodaboda, wananiambia kwa kelele kwamba wao walijua ni jioni. Wakithibitisha, ile ruhusa yako kaiombe upya.

Lugha isikuumize kichwa. Akianza kwa Kiingereza, mjibu kwa Kiingereza hicho hicho ulicho nacho, kwa sentensi fupi. Ukikwama, omba umalizie kwa Kiswahili. Mtunza stoo hakosi kazi kwangu kwa sababu ya kitenzi.

Sasa huyo kaka wa PDF.

Nimefanya kazi ya uajiri miaka kumi na tano, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekaa na simu sikioni nikichuja waombaji. Hakuna uongo unaoniudhi kama huu wa "hawakuoni, soma tu". Hebu kaa upande wangu kidogo. Ukija ofisini nina uso wako, mikono yako, vyeti vyako mezani, hata namna unavyovuta kiti. Kwenye simu nimenyang'anywa vyote hivyo, nimebaki na sauti tu. Sauti hiyo naisikiliza kuliko ambavyo ningekusikiliza ukiwa mbele yangu.

Na sauti ya anayesoma haifichiki. Mtu anayeongea hutafuta neno, huanza sentensi akaiacha njiani, hurudi nyuma akajisahihisha. Anayesoma anateremka tu kama taarifa ya habari, anapumua penye mkato, na jibu linakatika ghafla kwa sababu aya imeisha. Nikiwa na shaka huwa nasema, "Samahani, mtandao umekata kidogo, hebu rudia hapo mwisho." Anayelijua jambo lake atalirudia kwa maneno mengine. Anayesoma atanirudishia sentensi ile ile, neno kwa neno, na "aidha" yake juu. Nani anasema "aidha" kwenye simu?

Hayo majibu yenyewe nayajua kwa ghibu. "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo." "Udhaifu wangu ni kutaka kila kitu kiwe sahihi asilimia mia." Kuna asubuhi moja niliwapigia watu tisa kwa nafasi moja, na wanne kati yao walikuwa na udhaifu huo huo. Wa nne alipoanza kuutaja, nikammalizia mwenyewe. Akanyamaza, kisha akacheka, na tangu hapo ndipo tulipoanza kuzungumza kama watu. Kati ya wale wanne ni yeye peke yake aliyefika hatua ya pili.

Simu ya kwanza huchukua dakika 15 au 20. Mbele yangu nina CV yako na fomu ya alama, na mambo ninayoyatafuta ni machache. Unaweza kuanza lini? Mshahara unaoutaka uko ndani ya bajeti yetu? Kwa fani yako nitauliza pia kama umesajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, na kwa daraja lipi, kwa hiyo namba yako ya usajili iwe karibu. Lakini kinachokula muda ni kimoja: je, anayeongea na mimi ndiye aliyezifanya kazi zilizoandikwa hapa? Hilo PDF haiwezi kulijibu, kwa sababu aliyeiandika hajawahi kukanyaga stoo yako.

Nitakuuliza, kwa mfano, "Niambie siku uliyohesabu mali ikapishana na leja." Mwenye PDF atanihubiria umuhimu wa kutunza kumbukumbu. Mtunza stoo wa kweli ataniambia leja ilisema filta za oili ziko 12, rafuni ziko 9. Ataniambia alianzia kwenye bin kadi, ile kadi ya rafuni inayoandikwa kila kinachoingia na kutoka, akakuta hakuna kilichoandikwa tangu Ijumaa. Mafundi wa zamu ya usiku walikuwa wamechukua tatu bila fomu ya kuombea vifaa, mashine imelala na yeye yuko nyumbani. Akazikuta kwenye kadi za kazi za karakana, akawaandikisha fomu kwa tarehe ya siku aliyogundua, hakuirudisha tarehe nyuma. Akifika hapo kwenye tarehe mimi nimeshaweka alama, hata kama Kiingereza chake kinachechemea. Mtu wa namna hii hata akikosea, anakosea kwa mambo ya stoo.

Kwa hiyo karatasi uwe nayo, simkatazi mtu karatasi. Iwe moja, upande mmoja, na isiwe na sentensi hata moja. Andika vitu vya kukugutusha tu: "filta 12/9", aina ngapi za vipuri ziko chini yako, mfumo gani wa kompyuta mnautumia, mnahesabu mali mara ngapi kwa mwaka, kitu kimoja ulichokikuta kimekaa vibaya ukakibadilisha. Andika na tarehe za kuanza na kuacha kila kazi kama zilivyo kwenye CV uliyowatumia wao. Nasema wao, maana watu siku hizi wana CV tatu na hawakumbuki walituma ipi. Kisha Jumatano usiku mwombe ndugu yako wa mkoa mwingine akupigie akuulize. Akupigie kwa simu hasa. Kujipima mbele ya kioo hakukufundishi kuongea na mtu usiyemwona akitikisa kichwa, na ukimya wake huo ndio unaowafanya watu waropoke.

Kuhusu mtandao, kuna jambo wengi hawalijui. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi (hezi ni kipimo cha wembamba na unene wa sauti), na sehemu kubwa ya mlio wa s na f iko juu ya hapo. Ndiyo maana ukitaja herufi kwenye simu mtu anakuuliza, "S ya Salma au F ya Fatuma?" Na tarakimu zetu zinafanana zenyewe kwa zenyewe: thelathini na themanini, sita na saba. Ukiulizwa mshahara, kiasi kitaje mara mbili kwa njia mbili: "laki saba, yaani mia saba elfu." Nimewahi kumwandikia mtu laki sita na mwenyewe alisema saba, na kuja kulirekebisha baadaye ilikuwa kazi.

Usiweke spika ya nje, inaniletea mwangwi wa chumba chako. Tafuta chumba chenye dari. Mvua ikikukuta chini ya bati tupu, hata mimi nitakata. Simu nyingine zisikuingilie katikati: kwenye mitandao mingi ukipiga #43# unazima simu ya kusubiri, ukimaliza piga *43# uirudishe. Kwenye ule ujumbe wa kuthibitisha, ongeza namba ya pili ya mtandao tofauti. Mazungumzo yakikatika, usinipigie mara kumi mfululizo, maana na mimi nakupigia na tutakuta laini zote zina shughuli. Ngoja dakika mbili, kisha tuma ujumbe.

Wapo wanaokwenda mbali kuliko kusoma. Kijana mmoja alimpa kaka yake apokee simu kwa niaba yake. Kaka mtu alikuwa hodari kweli, akanisimulia lori la magunia 600 lililoingia na magunia 14 yamelowa, na namna alivyogoma kusaini mpaka dereva akaandika maelezo. Wiki iliyofuata kijana akaja ofisini. Nikamuuliza, "Yale magunia yaliyolowa, mwisho wake mliyafanyaje?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za harusi asiyoalikwa. Sasa wameingia na wa simu ya pili mezani, yenye programu ya akili mnemba inayosikiliza swali na kuandika jibu. Nauliza, kimya sekunde tatu nne, kisha linakuja jibu zuri, refu, halina mtu ndani yake. Nikiuliza swali dogo la kufuatia, kimya kile kinarudi kwa urefu ule ule.

Na hawa vishoka hawaishii kwenye PDF, mdogo wangu. Leo ni 5,000 ya majibu. Kesho ni 20,000 ya kuinyoosha CV. Keshokutwa ana mtu ndani, na mtu huyo anataka chai. Kundi la watu mia mbili wasio na kazi ni shamba zuri kwa asiye na aibu. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wazi kwamba wakala binafsi wa ajira hatakiwi kumtoza mtafuta kazi ada, na misamaha yake ni ya nadra. Serikalini, kuomba kazi kwa Sekretarieti ya Ajira kupitia Ajira Portal hakuna malipo. Sasa huyu wa kwenye kundi anakutoza kwa lipi?

Wabaya zaidi ni wale wanaopiga wenyewe. Anakupigia kwa sauti ya ofisi, anakuuliza maswali matatu mepesi, anakupongeza, halafu: "Tuma 30,000 ya fomu ya vipimo vya afya, nafasi inafungwa leo saa nane." Wameliwa hapo watu wenye shahada, kwa sababu ukiwa umesubiri kazi mwaka mzima, neno "hongera" linazima akili. Mwajiri anayekutaka hakuombi pesa ya fomu, ya vipimo wala ya sare ili akuajiri. Hahitaji namba ya siri ya pesa zako za simu, wala ile namba ya uthibitisho inayoingia kwenye ujumbe wakati yeye bado yuko hewani. Akitaja kimojawapo, kata. Namba yake itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Hata hao wanaokupigia Alhamisi wahakiki. Tafuta namba ya simu ya kampuni kwenye tovuti yao, usitumie ile iliyokuja na ujumbe, wapigie, uliza kitengo cha rasilimali watu kama kweli kuna usaili wa mtunza stoo wiki hii. Ni dakika tatu. Hakuna mwajiri wa maana atakayechukia. Mimi mtu akinipigia kuhakiki, jina lake nalikumbuka. Siku yenyewe anayekupigia akishajitambulisha, andika jina lake na cheo chake pembeni ya karatasi yako, utavihitaji ukitaka kufuatilia majibu.

Na kama ile 5,000 umeshaituma, iache iende. Ila PDF yenyewe usiifungue kabla ya Ijumaa.