Kasha la Latour si la kuweka kabatini

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue kasha la Château Latour, mvinyo maarufu wa Ufaransa, ulilaze kabatini miaka kumi, kisha uuze. Kununua sikukatazi, kabati ndilo linalonitia hofu. Mvinyo huu wa Pauillac, mji wa eneo la Bordeaux, uliopewa daraja la kwanza katika orodha ya mivinyo ya Bordeaux ya mwaka 1855, unataka giza, utulivu, unyevu na joto la nyuzi 12 hadi 14 mwaka mzima, chupa zikilazwa ili kizibo kisikauke. Mnunuzi makini atauliza zilikaa wapi, na usipokuwa na karatasi bei inaporomoka hata kama mvinyo ni mzima. Lipia ghala maalumu. Tena, tangu 2012 Latour wenyewe waliacha kuuza mvinyo ukiwa bado mapipani. Huutoa ukishakomaa kwao. Chupa hizo ndizo ningezifuata, hata kwa bei ya juu.