Kwa karani mpya wa AMCOS: mizani ya kidijitali, majina ya wakulima na daftari ambalo usilitupe

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, yani AMCOS, msimu huu, huku Tandahimba na Newala, Masasi, mpaka kwa wenzetu wa Ruangwa na Nachingwea, karibuni sana. Naandika kwa sababu kila mwaka korosho zikianza kudondoka tunapokea vijana wazuri, wamesoma, simu na kompyuta wanazijua kutuzidi sisi, halafu mapokezi yakichanganya kidogo tu unamkuta mtu amekata tamaa anataka kurudi nyumbani, na ukikaa naye ukamuuliza unakuta kompyuta haijamshinda hata kidogo, kilichomshinda ni watu waliopanga foleni mbele ya hiyo kompyuta.

Jambo la kwanza, ijue safari ya korosho kabla hujaijua mashine. Mzigo ukifika chamani unaangaliwa kama umekauka, hauna takataka, ni daraja la kwanza au la pili, ndio unapimwa, mkulima anapewa risiti, unaenda ghala kuu, unasubiri mnada, mnada ukiuza yanatolewa makato yaliyopo kwenye mjengeko wa bei, kinachobaki kinaingia kwenye akaunti ya mkulima. Mfumo huu wa kuweka mzigo ghalani kwa risiti mpaka uuzwe mnadani, stakabadhi ghalani, upo huku kwetu tangu msimu wa 2007/2008 na miaka mingi hayo yote yalikuwa yanafanyika kwa kalamu. Kilichobadilika ni vyombo. Mnada wenyewe zamani mnunuzi anaandika bei kwenye karatasi inatumbukizwa kwenye boksi, linafunguliwa mbele ya wakulima zinasomwa, kuanzia 2024 korosho imehamia kwenye mnada wa mtandaoni wa Soko la Bidhaa, TMX, bei zinaonekana kwenye skrini, lakini mkulima ni yuleyule anakaa pale anakubali bei au anaikataa. Ukiielewa hiyo safari, mfumo ukigoma unajua umegomea wapi na unaweza kumweleza mtu. Usipoielewa unabaki kusema "mtandao unasumbua" asubuhi mpaka jioni, na hilo neno wakulima wamelichoka.

Sasa mizani, hapa naomba mnisikilize vizuri maana ugomvi mwingi chamani unaanzia hapa. Ile mizani ya zamani ya kuning'iniza ilikuwa na mshale, na mshale ule foleni nzima ilikuwa inauona, hata asiyejua kusoma alikuwa anajua kilo zake zinafikaga wapi. Hii ya kidijitali ni sahihi zaidi, mi naiunga mkono kabisa na sitaki turudi nyuma, ila kioo chake kina namba ndogo na mara nyingi kimemgeukia karani. Yani mkulima anasimama upande wa pili anaona mgongo wa mashine, anaambiwa tu "bibi, kilo 43", hapo hata ungekuwa malaika atakutilia shaka, na ana haki yake kwa sababu watu wa huku wamepunjwa sana kwenye vipimo, kangomba, ule ununuzi wa vichochoroni wa kupimia kwa mabakuli, imekula jasho la watu wengi. Kwahiyo geuza kioo. Kama hakigeuki, mwite aje upande wako. Kabla hujaweka gunia mwonyeshe kwamba inasoma sifuri, weka mzigo, subiri namba zitulie (usisome zikiwa bado zinacheza, hasa gunia likiwa linayumba), soma kwa sauti, andika, ndio ubonyeze. Hakikisha imekaa sehemu tambarare, sio mguu mmoja kwenye sakafu na mwingine kwenye mchanga. Na chaji ijaze usiku, umeme wetu mnaujua, usiamke asubuhi ndio unatafuta mahali pa kuchajia huku watu wameshajipanga na magunia yao tangu alfajiri.

Risiti nayo. Mashine nyingi zinatoa risiti kwenye ile karatasi laini inayoandikwa kwa joto, na ile ukiiweka kwenye jua au ukiichomeka juu ya dari ya bati inafifia mpaka inabaki nyeupe tupu. Mkulima akija baadaye kuulizia malipo anakutolea karatasi haina hata herufi. Dawa yake ndogo tu, chukua kalamu uandike kilo, daraja na tarehe nyuma ya ileile risiti au kwenye daftari lake, mwenye simu ya kupiga picha mwambie aipige hapohapo. Inakula muda kidogo, foleni italalamika, fanya hivyohivyo.

Majina ndio sehemu ninayoiogopa kuliko zote. Huku kwetu mtu mmoja ana jina la utotoni, jina alilopewa jandoni au unyagoni, jina la dini, na jina ambalo kijiji kizima kinamwitia. Kwenye kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kuna moja, kwenye kadi ya benki lingine, kwenye laini ya simu pengine ni la mtoto wake ndiye aliyemsajilia. Wewe ukiingiza "Mohamed" wakati benki imeandika "Mohamedi" unaweza kuona ni herufi moja, ila malipo yanaweza kurudi, na yakirudi sio wewe unayelala njaa. Wazee wanakumbuka msimu wa 2018/2019 serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki ulikuwa ni majina na mashamba, ambaye taarifa zake zilikuwa zinapishana aliusikia muda wa kusubiri malipo ulivyo mrefu. Kwahiyo usiandike jina kwa kusikia. Omba kadi, nakili herufi kwa herufi, namba ya NIDA ina tarakimu 20 zihesabu zote, namba ya akaunti isome kwa sauti yeye akifuatilia kwenye kadi yake, na kama hajui kusoma mwambie aje na mtu anayemwamini yeye, sio unayemwamini wewe. Hii kazi fanyeni mwezi wa nane na wa tisa kabla ya mzigo, ikifika Oktoba hamtakuwa na nafasi ya kupumua.

Kuna jambo la alama za vidole ambalo vijana wengi hamlitegemei. Mama zetu na bibi zetu wamebangua korosho kwa mkono miaka mingi, yale mafuta ya kwenye ganda yanaunguza ngozi, ukijumlisha na jembe vidole vinakuwa laini havina mistari. Mashine ya kusajilia laini au kitambulisho inakataa. Nimeona mama mtu mzima anabonyeza kidole mara nyingi mbele ya watu, kijana anamwambia "bonyeza vizuri mama" kwa sauti ya ukali, mpaka yule mama akafunga kanga yake akaondoka kimya. Iliniuma sana. Ikikataa, futa kioo cha mashine, mwache anawe mikono kwa maji akauke, jaribu vidole vingine vyote pamoja na mkono wa kushoto, ikishindikana kabisa mwelekeze mwenyewe taratibu aende ofisi gani na abebe nini, tena mwandikie kwenye karatasi. Na sauti yako iwe ya mjukuu, yule ni bibi yako.

Paswedi yako usimpe mtu, hata meneja, hata akisema ni dakika moja, kwa sababu kila kitu kitakachoingizwa hapo kina jina lako. Msimu wa malipo matapeli nao wanakuwa kazini, wanapiga simu kwa wakulima wanajifanya watu wa chama, wanaomba namba ya siri ili eti pesa "ifunguliwe". Watangazieni watu kwenye mikutano na kila mnapopima, chama hakiombi namba ya siri ya mtu kwa sababu yoyote ile.

Mwisho daftari. Wapo watakaokwambia mambo ya karatasi yamepitwa, saivi ni kidijitali tupu. Usikubali kirahisi. Siku intaneti imekata, na inakata, Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipata hitilafu nchi nzima ikayumba, wewe unaendelea kupima na kuandika, mtandao ukirudi unaingiza. Jioni kabla hujafunga mlango hesabu vitu vitatu, kilo za kwenye daftari, kilo za kwenye mashine, na magunia yaliyopo sakafuni kwa macho yako. Zikipishana hata kwa gunia moja mwite meneja usiku huohuo mzigo ukiwa bado chamani, maana gari la ghala kuu likishaondoka nao hamtakuwa tena na cha kuhesabu.