Koili kubwa ya Tesla ya transista: joto huanza kabla ya feni

Nina kopo la maziwa ya unga lililojaa transista zilizokufa. Zilipopita 30 niliacha kuzihesabu. Kijana akija bandani kwangu kuuliza namna ya kujenga koili kubwa ya Tesla, ule mtambo wa kurusha cheche ndefu za umeme hewani, nampa kopo hilo alitikise kwanza, ndipo tunaongea. Karibu zote ziliuawa na joto, na sehemu kubwa ya joto hilo niliitengeneza mwenyewe kwenye ubao wa draiva, ule unaoziamuru transista ziwake na kuzima, siku nyingi kabla sijafikiria feni.

Tesla alipopata hataza ya saketi yake mwaka 1891, transista haikuwepo. Alitumia pengo la cheche kukatakata umeme, na pengo likipata moto linaendelea kunguruma tu. Sisi wa transista tumeepuka ile transfoma nzito ya volti elfu kumi, lakini tumejibebesha kifaa kisichosamehe. Silikoni ikizidi nyuzi 150, au 175 kwa aina nyingine, huharibika, na mara nyingi inakufa ikiwa imeshikana ndani kama waya mtupu. Transista mwenzake katika jozi ikiwaka tu, umeme wote uliohifadhiwa kwenye kapasita unapita katikati yao. Unasikia mlio wa fataki, na vipande vya plastiki unaviokota kesho yake.

Sasa tuanze na bomba, maana upoozaji unaanzia dukani. Koili yangu ya pili, ile ndefu ya kusimama, imesukwa juu ya bomba la PVC la maji taka la milimita 160. Waya ni wa milimita 0.4, huu wa kusukia mota, mizunguko 1,500. Unakula kama sentimita 67 za bomba na mita 750 za waya. Mafundi wa kusuka mota wanauza kwa kilo. Kilo moja inatosha na kipande kinabaki. Juu nimeweka ringi ya bomba la aluminiamu la kutolea hewa, yenye upana wa sentimita 60. Kwa vipimo hivyo koili inaitikia karibu na kilohezi 100, yaani umeme wake unacheza mara laki moja kwa sekunde.

Namba hiyo niliitaka makusudi. Kila transista inapowaka na kuzima inapoteza nishati kidogo, hivyo koili ya kilohezi 300 inakulipisha mara tatu ya koili ya kilohezi 100. IGBT hasa, transista za umeme mkubwa ambazo ni imara na zinapatikana kwenye mashine mbovu za kuchomelea, zina mkia: ukishaziamuru zizime, mkondo unaendelea kuvuja kidogo kabla ya kukatika. Kwenye masafa ya chini mkia huo unavumilika. Koili ndogo huitikia kwa masafa ya juu, ndiyo maana wanaoanza nayo kwa kudhani ndogo ni rahisi huwa wanashangaa inavyochemka.

Halafu geti, ule mguu wa transista unaopokea amri ya kuwaka na kuzima. Mdogo wangu, kama utakumbuka kitu kimoja katika maneno haya, kumbuka geti. IGBT kubwa inataka volti 15 hadi 18 zipande wima na kushuka wima. Zikipanda kama mtu anayekwea mnazi, transista inakaa nusu wazi nusu imefungwa, na katika hali hiyo inakuwa pasi ya umeme. Mimi nilitengeneza transfoma ya geti kwa ringi ya njano na nyeupe niliyoichomoa kwenye pawa saplai ya kompyuta. Ilikuwa nzuri machoni, saizi yake nzuri. Koili ikawaka, cheche zikatoka, na baada ya dakika moja na nusu hitisinki, lile pande la aluminiamu lenye mapezi ya kunyonya joto la transista, haikushikika. Niliongeza feni. Nikaongeza nyingine. Nilipoazima osiloskopu, kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme kwenye skrini, ndipo nikaona mawimbi ya geti yamelala kama vilima. Ringi zile ni za unga wa chuma, kazi yake ni kulainisha umeme wa DC. Kazi hii inataka feraiti ya kijivu iliyo nyeusi-nyeusi yenye upitishaji mkubwa wa sumaku. Nilibadilisha ringi tu, na feni moja nikairudisha mezani.

Kuna na suala la zamu. Katika briji, yaani zile transista nne zilizofungwa jozi mbili, transista ya juu lazima izime kabisa kabla ya ya chini kuwaka. Zikikutana hata kwa sehemu ndogo ya maikrosekunde, zinachoma umeme bure, mara laki moja kwa sekunde, na hutaona chochote isipokuwa joto. Dawa yake ni ndogo mno: rezista ya ohimu 5 hadi 10 kwenye kila geti, na dayodi ya haraka sambamba nayo, ikielekezwa ili kuzima kuwe kwa haraka na kuwaka kuchelewe. Angalia pia ucheleweshaji wa saketi nzima. Ishara inatoka chini ya koili ya pili, inapita kwenye transfoma ya mkondo, mantiki, draiva, hadi geti. Mzunguko mzima una maikrosekunde 10, kwa hiyo kuchelewa kwa nanosekunde 500 ni sehemu moja ya ishirini. Lengo ni transista iwashwe wakati volti juu yake imeshashuka hadi sifuri.

Haya yakikaa sawa, ndipo ushike kalamu. Koili yangu inakula wastani wa wati 2,000, na nakisia briji inapoteza asilimia 8, yaani wati 160. Transista ni nne, kila moja wati 40. Jedwali za viwandani hupenda kuanza na nyuzi 25, chumba cha watu wenye baridi yao. Banda langu liko Dar es Salaam chini ya mabati, na saa nane mchana kipimajoto kinasoma 38. Anza na joto la kwako. Hitisinki yenye feni ya nguvu inapanda nyuzi 0.2 kwa kila wati: 160 mara 0.2 ni 32, tumefika 70. Kati ya hitisinki na mgongo wa transista kuna kihami na grisi, tuseme nyuzi 0.5 kwa wati: 40 mara 0.5 ni 20, tumefika 90. Ndani ya transista 0.3: nyongeza ya 12. Jumla 102. Naridhika, maana hiyo ni wastani tu, na kila mpigo wa cheche unarusha joto juu zaidi kwa kitambo.

Rudia hesabu hiyo ukiweka 1.2 mahali pa 0.5. Inakuja 130. Hitisinki ile ile, feni ile ile. Hivyo ndivyo nilivyopoteza transista nne kwa mkupuo: nilipaka grisi nyeupe kama siagi kwenye mkate wa mgeni. Grisi ni ya kujaza mikwaruzo isiyoonekana. Ipake nyembamba kiasi cha kuona aluminiamu kwa chini, na kabla ya hapo sugua uso wa hitisinki kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo. Kihami kiwe kipande cha ulanga au pedi ya silikoni isiyokunjika, kwa sababu mgongo wa transista una umeme, na chembe moja ya chuma iliyobaki kwenye tundu la skrubu inatosha kukitoboa.

Feni nanunua za kompyuta, zilizotumika, Kariakoo. Zifungie ndani ya boksi la chuma pamoja na briji, la sivyo uga wa koili unazichanganya zinasimama bila kukuaga. Zipige hewa moja kwa moja kwenye mapezi na uiachie njia ya kutokea juu. Fungua boksi kila baada ya muda, vumbi letu hujaza mapezi hadi yanakuwa kama blanketi, na ukiwa karibu na bahari utakuta skrubu zimeanza kutu.

Koili ya chini, ile ya kwanza yenye mizunguko michache inayolishwa na briji, isahau kuisuka kwa waya wa nyumba. Kwenye kilohezi 100 umeme unakimbilia ngozi ya shaba, kina cha milimita 0.2 hivi, kwa hiyo unene wa ndani ni uzito wa bure na ganda la plastiki linalainika. Bomba la shaba la kiyoyozi linafanya vizuri zaidi, na liko wazi kwa hewa. Kapasita za rektifaya, yaani za sehemu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa DC, nazo ziguse zikiwa zimezimwa na kumalizwa umeme. Zikiwa za moto, ongeza nyingine sambamba.

Siku ya kwanza usichomeke moja kwa moja. Weka balbu ya nyuzi ya wati 100 mfululizo na waya wa umeme unaoingia, anza na volti 30 za DC, pandisha taratibu. Klipu ya ardhi ya osiloskopu isiguse briji kamwe. Koili ya pili ipe fimbo yake ya ardhini nje ya nyumba. Mimi niliwahi kutumia ardhi ya soketi, na chaja mbili za jirani zikaenda. Mwenye kifaa cha kusukuma mapigo ya moyo asikaribie banda.

Kapasita yangu ya maikrofaradi 3,300 ikiwa na volti 325 imebeba jouli 174, kiasi cha kuua. Nimeifungia rezista ya kuimaliza, ohimu 22,000 ya wati 10, na inachukua zaidi ya dakika mbili kushuka chini ya volti 50. Nikizima, feni naziacha zizunguke, napika chai, narudi na mita, mkono mmoja mfukoni.