Vituo vya Mbali Vinavamia Redio Usiku

SWALI: Nasikiliza kituo cha masafa ya kati (MW) kilicho kilomita kama 100 kutoka hapa. Mchana sauti imetulia. Jua likizama inapanda na kushuka, inakwaruza, na vituo vya Kiarabu vinaingia juu yake. Fundi anataka kubadilisha koili. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu, redio ni nzima. Mchana miale ya jua huchomoa elektroni kwenye chembe za hewa. Katika tabaka la anga liitwalo D, kilomita 60 hadi 90 juu, hewa bado ni nzito kiasi: elektroni zikitikiswa na wimbi la redio hugongana na chembe hizo, na nguvu ya wimbi huishia kuwa joto. Kwa hiyo mchana unapata wimbi linalotambaa ardhini tu. Usiku elektroni za D hurudiana na ayoni (chembe zilizopoteza elektroni) upesi, tabaka likatoweka. Tabaka F, kwenye kilomita 250 hadi 400, lina hewa nyembamba mno. Huko kukutana ni nadra, hivyo hudumu hadi asubuhi likirudisha mawimbi ardhini, hata kutoka kilomita elfu na zaidi.

Umbali wako ndio mbaya kuliko yote. Wimbi la ardhini na la angani hukufikia yakiwa na nguvu zinazokaribiana. Kwenye kilohezi 1000 wimbi lina mita 300, basi njia ya angani ikirefuka mita 150 tu, kujumlishana kunageuka kufutana. Tabaka halitulii, na sauti haitulii.

Ndani ya redio mna ufito mweusi wa feraiti, ndio eriali ya MW, ambao upokeaji wake hudhoofika kuliko kote ncha yake inapoelekea kituo. Laza redio mezani, uizungushe polepole hadi mvamizi afifie. Hatazimika kabisa, kwani wimbi lake linashuka kutoka juu. Waya mrefu hausaidii hapa. Unawaongezea nguvu wavamizi nao. Chomoa chaja za simu zilizo karibu.

SWALI: Na masafa mafupi? Megahezi 15 hufa kabisa usiku.

JIBU: F nalo hupungua elektroni usiku, na mawimbi ya megahezi nyingi hulipenya yakaenda zake. Shuka hadi mita 41 (kilohezi 7200–7450) au 49 (5900–6200). Hapa waya unafaa: mita 5, ubanwe kwenye eriali ya kuvuta. Ukisikia miluzi na kituo kimoja kikijirudia sehemu nyingi, redio imezidiwa; punguza waya.