Je, damu inaweza kuonyesha soriasisi imefika wapi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa miaka 41, nipo Tandahimba, nina soriasisi (ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba) muda mrefu, hospitali walishathibitisha. Mabaka yalikuwa viwikoni, magotini na kichwani tu, ila mwaka huu tulipoanza kupulizia dawa ya salfa kwenye mikorosho yakasambaa mpaka mgongoni. Mdogo wangu yupo Dar akaniambia kuna vipimo vya damu vinaonyesha ugonjwa umefika daraja gani, nikapima CRP maabara moja huku, imetoka 18, wakasema iko juu basi, hawakunieleza zaidi. Toka siku hiyo silali. Nasubiri hela ya korosho niende Dar nikapime vyote. Ndo nimezidiwa?

JIBU: Marahaba dada yangu. Hiyo hela ya korosho usiitoe kwanza, 18 peke yake haisemi kuwa umezidiwa.

CRP ni protini inatengenezwa na ini pale mwili unapopambana na kitu, na hicho kitu kinaweza kuwa soriasisi, au malaria, UTI, jino bovu, kidonda mguuni, hata unene unaipandisha. Mdogo wako hajakudanganya lakini. Watafiti wamepima sana hizi alama za damu, CRP, ESR (kasi ya chembe nyekundu kutuama), uwiano wa neutrofili na limfosaiti, yaani aina mbili za chembe nyeupe, unaopatikana kwenye FBP ya kawaida (kipimo cha kuhesabu chembe za damu), na zile kemikali zinazochochea ugonjwa wenyewe kama IL-17, IL-23 na TNF, na ukichukua kundi la wagonjwa wenye soriasisi kali nyingi ya hizo huwa juu kuliko kwa watu wenye afya njema. Ila hilo ni kundi. Kwa mtu mmoja mmoja zinapishana mno, unamkuta mtu ana mabaka mwili mzima na CRP yake ya kawaida kabisa, ndo maana mpaka leo hakuna kipimo cha damu kilichokubalika cha kupanga daraja la soriasisi.

Daraja linapangwa kwa macho na mkono. Daktari anaangalia wekundu, unene na magamba, kichwani, mikononi, kiwiliwili na miguuni, anatoa alama za ukali wa soriasisi zinazoitwa PASI, kuanzia 0 mpaka 72. Hata wewe nyumbani unaweza kukadiria: kiganja chako pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yako, mabaka yakizidi viganja 10 hiyo tunaita kali. Na yakiwa nyayoni, viganjani au sehemu za siri hata kama ni madogo bado ni mazito maana yanakunyima kazi na raha.

Mimi kinachonishughulisha zaidi ni hiyo salfa. Vumbi lake linawasha, ukijikuna ngozi inachubuka na soriasisi ina tabia ya kuota palepale ilipochubuka, kwa hiyo msimu ujao apulizie mwingine, ikishindikana vaa mikono mirefu na ukaoge mara tu ukitoka shambani. Alafu jiulize kama uliumwa koo, kama umeanzishiwa dawa ya presha jamii ya propranolol, au kama ulikuwa unameza prednisolone (dawa ya steroidi) ukaacha ghafla, hiyo ya mwisho ni hatari kweli.

Damu za kupima zipo na Mtwara zinapimwa, ulizia hospitali ya Ligula au ile ya kanda siku anayokuwepo daktari wa ngozi: sukari, mafuta, na HIV kwa sababu soriasisi ikilipuka ghafla wakati mwingine ndo dalili ya kwanza. Presha nayo wakuangalie. Wakitaka kukuanzishia methotrexate (dawa ya kutuliza kinga ya mwili) lazima FBP, ini na figo kwanza, na uhakikishe huna mimba. Kama vidole vinavimba au asubuhi viungo vimekaza waambie, hata CRP ikirudi chini, kwa sababu soriasisi inaingia kwenye viungo na wengi wa hao damu yao inasoma vizuri tu.

Ila ngozi ikiwa nyekundu mwili mzima, au vikitoka vipele vya usaha pamoja na homa, usisubiri siku ya kliniki, nenda siku hiyohiyo.