Tukizika hewa ukaa chini ya Bonde la Ufa, ardhi itatikisika? Maswali yenu na majibu

Tangu nilipogusia katika safu hii mpango wa kunasa hewa ukaa, yaani kabondayoksaidi, na kuizika ndani ya miamba karibu na Gilgil, barua zimefurika. Mpango wenyewe, kwa waliokosa makala ile, ni wa kampuni ya Kenya iitwayo Octavia Carbon: mitambo ichuje hewa ukaa kutoka angani, kisha wenzao wa kampuni ya Cella waiingize ardhini. Wengi wenu mnauliza jambo moja kwa sura tofauti: je, tutatikiswa? Nimechagua barua chache. Baadhi zimejibika kwa sentensi mbili tatu, nyingine zimenirudisha kwenye madaftari yangu ya jiolojia.

Mwalimu, wazee wa nyanya yangu walimsimulia usiku ambao ardhi ilipasuka huku kwetu. Kama bonde hili hutetemeka lenyewe, kwa nini tulichokoze? (Msomaji, Subukia)

Wazee hawakutia chumvi. Usiku wa tarehe 6 Januari 1928, tetemeko lenye ukubwa wa 6.9 lilipasua ardhi kando ya ukingo wa Laikipia na Marmanet kwa urefu wa kilomita 38 hivi. Mahali pengine upande mmoja ulishuka zaidi ya mita mbili. Hadi leo hilo linahesabiwa miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa katika nchi yetu, na lilikuja kabla hata ya kisima kimoja cha mvuke kuchimbwa Olkaria, kunakozalishwa umeme wa jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi.

Simulizi ya nyanya yako ina mafunzo mawili, na naomba uyashike yote mawili. La kwanza ni kwamba nyufa za bonde hili ziko hai. Bonde linapanuka kwa milimita chache kila mwaka, na nguvu zinajilimbikiza kimyakimya kwenye miamba. Nyufa nyingine zimekaribia kikomo chake hata kabla ya mtu kuzigusa, na kusukuma kitu karibu na ufa wa namna hiyo si sawa na kukisukuma mahali palipotulia.

La pili husahaulika upesi. Kwa kuwa bonde hutetemeka lenyewe, siku mtetemo utakapokuja baada ya kisima kuanza kazi, kampuni itasema ni maumbile na wanakijiji watasema ni kampuni. Nani atawaamua? Kwanza kabisa ni rekodi za mitetemo zilizochukuliwa kabla ya kisima kuanza. Kama hazipo, hata mwanasayansi mwaminifu kuliko wote atapata taabu kukupa jibu la uhakika. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote yanayofuata hapa chini.

Niko kidato cha tatu. Kusukuma maji au gesi chini ya ardhi kunaletaje tetemeko? (Mwanafunzi, Nakuru)

Weka githeri jikoni, ufunike sufuria. Maji yakichemka, mvuke unainua kifuniko. Kifuniko ni kizito vilevile kama kilivyokuwa, ila mvuke unakisukuma kutoka chini, na sasa hata kidole kimoja kinatosha kukitelezesha.

Ufa ardhini ni kuta mbili za mwamba zilizogandamizana kwa uzito wa kilomita za mawe. Kuna nguvu nyingine inayozivuta kuta hizo kwa ubavu, lakini msuguano unazizuia. Ukiingiza maji kwa shinikizo, yanapenya kwenye ufa na kuzisukuma kuta zitengane kidogo. Msuguano unapungua, na nguvu ya ubavu iliyokuwa ikingoja miaka mingi inapata nafasi. Angalia vizuri: sehemu kubwa ya nguvu ya tetemeko ilikuwemo tayari ndani ya mwamba, na maji yameifungulia mlango tu.

Watu walianza kulielewa hili kule Marekani, karibu na Denver. Mwaka wa 1962 jeshi lilianza kumwaga maji machafu ya kemikali ndani ya kisima chenye kina cha zaidi ya kilomita tatu na nusu. Matetemeko yakaanza mahali ambapo watu hawakuyazoea. Kisima kikafungwa mwaka wa 1966, lakini makubwa zaidi yalikuja mwaka wa 1967, yakikaribia ukubwa wa 5. Shinikizo lilikuwa bado linasafiri ndani ya miamba. Vivyo hivyo Pohang, Korea Kusini: tetemeko la 5.4 lilipiga Novemba 2017, miezi miwili baada ya mradi wa jotoardhi kusitisha kusukuma maji, na jopo lililoundwa na serikali likasema mwaka wa 2019 kwamba mradi ndio uliolichochea. Kwa hiyo mtu akikuambia “tukiona dalili tutafunga bomba”, mweleze kwamba kufunga bomba ni lazima, ila hakutoshi.

Na kwa ajili ya mtihani wako: kila hatua moja kamili ya ukubwa ni nguvu mara 32 hivi. Tetemeko la Subukia, lile la 1928, lilizidi kwa nguvu tetemeko la ukubwa wa 4 kwa zaidi ya mara 20,000.

Mifano hiyo ni ya maji. Hewa ukaa yenyewe imewahi kuzikwa wapi, na ardhi ilifanya nini? (Msomaji, Naivasha)

Imezikwa kwa miaka mingi. Huko Sleipner, chini ya Bahari ya Kaskazini upande wa Norwe, wamekuwa wakiizika tangu 1996, kwa miaka mingi karibu tani milioni moja kwa mwaka, bila tetemeko la kumshtua mtu. Mchanga-mwamba wa pale ni mpana na una vinyweleo vingi, kwa hiyo shinikizo halipandi sana.

Decatur, katika jimbo la Illinois, walizika tani milioni moja kati ya 2011 na 2014. Vipima vilinasa maelfu ya mitetemo midogo, na hakuna uliofika ukubwa wa 2, yaani hata paka aliyelala asingeamka. Kilichonivutia ni mahali ilipotokea: mingi haikuwa ndani ya tabaka lililopokea gesi, bali kwenye miamba mikongwe na migumu iliyo chini yake. Shinikizo lilikwenda kutafuta nyufa za zamani ambazo ramani hazikuzionyesha.

Na hapa Afrika kuna In Salah, katika jangwa la Algeria. Tangu 2004 hadi 2011 walizika karibu tani milioni nne. Setilaiti ikaonyesha ardhi ya juu inainuka kwa milimita kadhaa kila mwaka, kama unga uliotiwa hamira. Wahusika wakaanza kuhofia kwamba mwamba wa juu, ule unaoizuia gesi isipande, umeanza kuingia nyufa, na kazi ikasimamishwa. Mwaka wa 2012 Mark Zoback na Steven Gorelick wa Chuo Kikuu cha Stanford waliandika kwamba hatari si nyumba kuanguka peke yake: hata tetemeko dogo linaweza kupasua kifuniko hicho, na kazi yote ya kuzika ikawa bure. Wenzao wengine waliwapinga, wakisema matabaka laini hayapasuki kirahisi hivyo. Mimi nasoma pande zote mbili, lakini kwa bonde lenye nyufa nyingi kama letu naegemea tahadhari ya wale wawili.

Tunaambiwa hapa gesi itageuka jiwe. Ni kweli, au ni maneno ya kututuliza? (Mkulima, Gilgil)

Ni kweli kwamba inawezekana. Aisilandi walilithibitisha. Mradi wa CarbFix uliyeyusha hewa ukaa ndani ya maji, kama ilivyo ndani ya chupa ya soda, ukayashusha maji hayo mita mia kadhaa kwenye mwamba wa basalti, lile jiwe jeusi la volkano. Maji yenye hewa ukaa yana ukali kidogo. Yanaumumunya mwamba na kuutoa kalisi, magnesi na chuma, na hivyo vikikutana na hewa ukaa vinaganda kuwa madini meupe. Majaribio yalifanyika 2012, na mwaka wa 2016 wakachapisha kwamba zaidi ya asilimia 95 ilikuwa imeganda kwa muda usiofika miaka miwili. Njia hii ina faida nyingine: maji yenye gesi iliyoyeyuka ni mazito kuliko maji ya kawaida, kwa hiyo hushuka. Gesi tupu hutaka kupanda.

Lakini si kila jiwe la Bonde la Ufa ni basalti. Panda Menengai, volkano iliyo karibu na Nakuru, uangalie: sehemu kubwa ni trakiti, mwamba wa volkano wenye kalisi na magnesi chache kuliko basalti. Olkaria kuna miamba yenye silika nyingi kuliko hata hiyo. Basalti tunayo, ila kwa matabaka, hapa na pale. Kwa hiyo ile asilimia 95 ya Aisilandi ni yao. Yetu itapatikana kwa kupima mawe yetu wenyewe.

Na Aisilandi hiyohiyo ilitikisika. Septemba 2011, kituo cha jotoardhi cha Hellisheiði kilianza kurudisha maji yake ardhini katika eneo jipya, Húsmúli. Mitetemo ikawa mamia, na tarehe 15 Oktoba miwili ikafika ukubwa wa 4 hivi. Watu wa mji wa jirani walikasirika, na walikuwa na haki. Baadaye wenye kituo walianza kubadilisha kasi ya kusukuma polepole na kuwaarifu wakazi mapema. Hilo ni jambo la kuigwa, na halihitaji hela nyingi.

Huku kwetu Seme tuna mawe makubwa ya Kit Mikayi. Kwa nini hawaleti mradi huo Kisumu? (Msomaji, Kisumu)

Kit Mikayi ni itale, yaani graniti. Itale imeshikana, haina vinyweleo vya kupokea gesi, na ina upungufu wa madini yale yanayoigandisha. Acheni ibaki mahali pa sala na wageni.

Maji ya kuyeyushia gesi yatatoka wapi? Sisi tunanunua mtungi. (Mama wa watoto wanne, Gilgil)

Swali hili lingestahili kuwa la kwanza, mama. Kwa njia ya Aisilandi, tani moja ya hewa ukaa inahitaji takriban tani 25 za maji. Mradi wa tani elfu moja kwa mwaka ungehitaji tani 25,000. Maji hayo yanaweza kuzungushwa: yanachotwa chini, yanatiwa gesi, yanarudishwa chini. Yanaweza pia kuwa maji ya chumvichumvi ya visima vya mvuke, ambayo hayanyweki. Kama ni hivyo, mtungi wako hauguswi. Kama ni maji ya kisima cha kijiji, hata mimi nitakuja barazani kupinga.

Nilisoma kuhusu ziwa la Kamerun lililoua watu kwa gesi hii. Hatutaamka tumekufa? (Msomaji, Bahati)

Ni ziwa Nyos, tarehe 21 Agosti 1986. Hewa ukaa ya volkano ilikuwa imejikusanya chini ya ziwa refu kwa kina, ikafumuka kwa pamoja, ikateremka mabondeni usiku kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Zaidi ya watu 1,700 walikufa. Naelewa kabisa kwa nini umeogopa.

Gesi iliyoyeyushwa katika maji ndani ya mwamba, chini ya mamia ya mita za mawe, haina njia ya kufumuka hivyo kwa dakika chache. Ninachokiogopa zaidi ni mabomba ya juu. Februari 2020 bomba la hewa ukaa lilipasuka karibu na kijiji cha Satartia, Mississippi. Magari yalizimika barabarani kwa kukosa oksijeni, na watu 45 wakapelekwa hospitalini. Mtambo unaonasa gesi palepale penye kisima hauhitaji bomba refu, na hilo linapunguza hatari sana. Hata hivyo, kipima gesi kiwekwe kwenye mabonde yanayozunguka, kwa kuwa huko ndiko itakakotuama.

Tena gesi hii si mgeni chini ya ardhi yetu. Kule Lari, Kiambu, kampuni ya Carbacid imekuwa ikiichimba kwa miaka mingi, na sehemu yake tunainywa ndani ya soda.

Je, maziwa Nakuru na Naivasha yamefurika kwa sababu ya visima hivi? (Wasomaji kadhaa)

Hapana. Maziwa yalianza kupanda zaidi ya miaka kumi iliyopita, pamoja na Baringo, kabla ya mradi huu. Sababu kubwa ni mvua nyingi na udongo unaosombwa kutoka mashamba ya juu.

Chifu ametuitia baraza. Nikipewa dakika moja tu ya kuongea, niulize nini? (Mzee, Gilgil)

Mzee wangu, sheria iko upande wako. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka athari zipimwe na wananchi wasikilizwe, na Katiba, ibara ya 35, inakupa haki ya kupata habari. Ile Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, ilivyorekebishwa 2023, inataka pia mradi wa kaboni ulio kwenye ardhi ya umma au ya jamii uwe na makubaliano ya maendeleo na jamii husika. Hayo wengine watayataja.

Wewe tumia dakika yako hivi. Uliza vipima mitetemo viko wapi na vilianza kurekodi mwezi gani. Uliza ufa ulio karibu na kisima uko umbali gani, na ni mtetemo wa ukubwa upi utakaowafanya wapunguze kusukuma, na upi utakaowafanya waache. Uliza ni nani asiyelipwa na kampuni anayeziona rekodi hizo siku ileile. Dai majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za baraza, yasiishie mdomoni.

Na wakijibu kwamba vipima vitafungwa kazi ikishaanza, mwombe chifu aahirishe baraza hadi vitakapokuwa vimefungwa na kurekodi kwa mwaka mzima.