Pochi za kripto: maswali ya wanaoanza, na moja la mtengenezaji

SWALI: Pochi mpya imenionyesha maneno 12 ya siri. Naweza kuyapiga picha?

JIBU: Hapana. Simu nyingi hupandisha picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na atakayeingia katika akaunti hiyo atazihamisha fedha zako bila hata kuigusa simu. Yaandike kwa kalamu kwenye karatasi mbili, kila neno na namba yake, kisha uzihifadhi mahali pawili tofauti. Mara nyingi maneno hayo hutoka katika orodha moja ya maneno 2,048 ya Kiingereza, ambamo herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua kila neno. Mwandiko ukifutika kidogo, usikate tamaa. Kisha weka kiasi kidogo tu, futa programu, irejeshe kwa kutumia karatasi, uone kama salio limerudi. Usiweke fedha nyingi kabla ya jaribio hilo.

SWALI: Nimerejesha pochi katika programu nyingine. Maneno ni sahihi, ila salio ni sifuri. Nimeibiwa?

JIBU: Huenda hujaibiwa. Itafute anwani yako ya zamani kwenye tovuti ya kuchunguza miamala. Ukikuta salio lipo, tatizo ni njia (derivation path), yaani namba zinazoonyesha anwani ipi itokane na maneno: maneno yaleyale huzaa anwani nyingi, na programu hazianzii zote mahali pamoja. Kwa Bitcoin, anwani zinazoanza na bc1q kwa kawaida hutoka njia ya m/84', na zinazoanza na 1 hutoka m/44'. Badilisha njia hiyo kwenye mipangilio. Kumbuka pia kama uliwahi kuongeza nenosiri la ziada juu ya maneno yako. Ukikosea hata herufi moja ya nenosiri hilo, pochi haitakuambia umekosea. Itafungua pochi nyingine, tupu.

SWALI: Nina USDT (sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola), lakini nikituma naambiwa ada haitoshi.

JIBU: Ada hulipwa kwa sarafu ya mtandao wenyewe: ETH kwenye Ethereum, TRX kwenye Tron. Weka kiasi kidogo cha sarafu hiyo. Ukikutana na mtu aliyeanika maneno ya pochi yake yenye USDT nyingi akiomba msaada wa kuzitoa, pita mbali: huo ni mtego, na TRX utakayotuma kwa ajili ya ada ndiyo anayoiwinda.

SWALI: Tunatengeneza pochi. Tumejaza maonyo, watumiaji wanayapita bila kusoma. Tufanyeje?

JIBU: Yapunguzeni, na yanayobaki yawekeni pale hasara inapotokea.

Anzeni na anwani. Pochi nyingi huonyesha herufi chache za mwanzo na za mwisho, na matapeli wanalijua hilo: hutengeneza anwani inayofanana na ya rafiki yako kwenye ncha hizo, hukutumia muamala wa thamani ndogo au sifuri, kisha husubiri uinakili kutoka kwenye historia yako. Onyesheni anwani nzima katika mafungu ya herufi nne nne, fungu la katikati lionekane sawa na mengine, na muifiche miamala ya sifuri.

Pili, kibali. Programu za kubadilishana sarafu huomba ruhusa ya kutumia tokeni za mtu (sarafu kama USDT), mara nyingi bila kikomo, na ruhusa hiyo hubaki hai hata baada ya kuifunga tovuti. Pochi ijaze yenyewe kiasi kinachohitajika sasa tu, na iwe na ukurasa wa vibali vilivyo wazi wenye kitufe cha kuvifuta. Mwambieni mtumiaji mapema kwamba kufuta nako kuna ada.

Tatu, kabla ya kusaini, pochi iujaribishe muamala na iseme matokeo kwa lugha ya kawaida: “Zitatoka USDT 200. Hutapokea kitu.” Sentensi hiyo inamfundisha mgeni zaidi kuliko kurasa kumi za mwongozo. Mazoezi yafanyike kwenye mtandao wa majaribio kama Sepolia, ambako sarafu hazina thamani.

SWALI: Mtu wa “huduma kwa wateja” ameniomba maneno yangu, nikampa. Nimeshabadilisha nenosiri la programu. Inatosha?

JIBU: Haitoshi, na usichelewe. Nenosiri hulinda programu iliyo kwenye simu yako tu. Mwenye maneno huifungua pochi popote. Tengeneza pochi mpya yenye maneno mapya sasa hivi, uhamishe kila kitu, ukianza na chenye thamani kubwa. Pochi ya zamani usiitumie tena.